Masahihisho ya Daftari la Chakula

Maumivu yalianzia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na kwa miaka miwili Bwana Jalada aliwalaumu mafundi viatu. Alibadilisha viatu mara nne. Vya mwisho vilikuwa vikubwa kiasi kwamba mkewe alimuuliza kama alivinunua au alivipanga. Lakini maumivu, kama mgeni aliyeonja ukarimu, hayakuaga. Yalihamia kwenye kifundo, yakapanda gotini, na Jumatatu moja asubuhi yakafikia kwenye kiungo cha kidole gumba cha mkono wa kulia. Hapo hapakuwa na kiatu cha kulaumu.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya chuo, chumba cha chini kabisa, ngazi kumi na tisa kutoka kwenye mlango wa nyuma. Jina lake hasa lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi tu. Wengine wote, tangu mlinzi wa getini mpaka maprofesa, walimwita Bwana Jalada, na mwenyewe alikuwa ameitika kwa miaka thelathini na mmoja hata lile jina la kwanza likaanza kumsikikia kama la mtu aliyesoma naye zamani.

Vitabu vilimfikia vikiwa vimevunjika mgongo, kurasa zikining'inia, vingine vimefungwa kamba kama mizigo ya wahamaji. Alivikwangua gundi ya kale, akazikunja karatasi upya fungu kwa fungu, kisha akazishona kwa uzi uliopakwa nta. Kazi hiyo mtu akiiangalia huona sindano, asione kidole gumba. Lakini kidole gumba ndicho kinachosukuma. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunakubali. Ila kidole hiki kikigoma, vile vingine vinne hubaki mashahidi.

Kilipogoma, kila mtu alikuja na dawa. Mlinzi alisema ni baridi ya sakafu. Profesa mmoja wa hesabu alimshauri avae pete ya shaba, naye akavaa, mpaka kiungo kilipovimba na pete ikatolewa kwa sabuni na sala. Mwishowe alishuka Mkutubi Mkuu mwenyewe, mwanamke mpole aliyezungumza taratibu daima, hata alipokuwa akikuondolea kiti. Alikishika kitabu kilichokuwa mezani, kitabu ambacho zamani kingemchukua siku mbili na sasa kilikuwa kwenye wiki ya pili.

"Mzee wangu," alisema, "nakupa miezi mitatu. Mkono ukipata nafuu, chumba hiki ni chako mpaka ustaafu. Usipopata, vitabu tutavipeleka nje kwenye mashine, nawe utakuja juu mapokezi."

"Kufanya nini?"

"Kupokea mikoba ya wanafunzi. Na kuwapa vibao vya namba."

Bwana Jalada alimsikiliza akipanda ngazi zote kumi na tisa. Maisha yake yote alikuwa akivipa vitu mgongo ili visimame. Sasa aliambiwa atageuzwa kuwa msumari wa kutundikia mikoba.

Zahanati ilimpa jina la ugonjwa: jongo. Daktari alimweleza kwamba kuna asidi iliyozidi kwenye damu yake, nayo ikizidi hujikusanya kwenye viungo kama chembe za vioo. Akamwandikia vidonge vya kila siku, akamtuma chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe. Nyumbani, mkewe alilisikia jina hilo akalikunjia uso. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu.

"Jongo? Nilisoma kwamba ni ugonjwa wa wafalme," alisema. "Wewe umeupatia wapi, Baba Watoto? Uliazima?"

Mtaalamu wa lishe alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Chumbani mwake mlikuwa na mizani na bakuli la matunda ya plastiki yaliyofifia rangi. Alimpa kazi moja tu.

"Baba, kwa mwezi mzima uniandikie kila kinachopita mdomoni. Kila kitu, hata ulichoonja. Na kila maumivu yakija, siku na saa. Chukua daftari lolote."

Neno *lolote* lilimkaa vibaya. Ukimwambia seremala akalie kiti chochote, umemtukana.

Kwa hiyo alilitengeneza mwenyewe, kwa siku tatu, akimung'unya maumivu. Alichagua karatasi nzito nyeupe kama maziwa, akazishona polepole, akalivika mgongo wa kitambaa cha bluu iliyoiva, akaweka ndani ya majalada karatasi yenye michirizi kama maji yaliyochezewa na upepo. Juu yake alipiga kwa dhahabu neno moja: CHAKULA.

"Mtu kaambiwa aandike alichokula," Mwalimu alisema, akiligeuza mkononi, "katengeneza historia ya dunia."

Sasa nieleze kuhusu saa nne ya asubuhi. Nyuma ya maktaba palikuwa na kantini, na mpishi wake alikuwa mdogo wake Mwalimu, yaani shemeji yake Bwana Jalada. Kwa miaka tisa, kila siku ya kazi saa nne, shemeji huyo alimwekea sahani ya maini yaliyokaangwa kwa vitunguu na chupa ya soda nyekundu iliyotoka jasho kwa baridi. Maini yale yalikuwa na sifa. Kuna wahadhiri waliokatisha vipindi kwa ajili yake. Bwana Jalada aliyala kwa heshima, bila kuzungumza, akafuta sahani kwa mkate, kisha akanawa mikono mara mbili kwa sabuni kwa kuwa mafuta na karatasi ni maadui wa tangu zamani.

Siku ya kwanza ya daftari alikula kama kawaida, akanawa kama kawaida, akashuka chumbani, akafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa safi kiasi cha kumtia aibu. Alishika kalamu. Aliandika herufi *M*. Akautazama ukurasa, akayafikiria maini, mafuta yale, vitunguu vile. Na mkono, bila kushauriana naye sana, uliendelea: *Mchicha. Maji, glasi mbili.*

Ukurasa ukapendeza.

Hakujiona mwongo. Katika kazi yake si kila karatasi hujalidiwa. Matangazo hutolewa, kurasa zilizochanika hutolewa, msomaji hapati hasara. Siku ya pili aliandika maharage. Ya tatu, nyanya, tango na uyoga. Kufikia wiki ya pili alikuwa akichagua vyakula kwa jinsi vilivyokaa vizuri katika mstari. Vile vya nyumbani aliviandika kwa ukaribu zaidi na ukweli, kwa sababu Mwalimu alikuwa akisoma.

"Hapa pameandikwa kipande kimoja cha kuku," alisema siku moja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Jumapili nilikuwepo, Baba Watoto."

"Niliandika kwa kifupi."

"Muhtasari wa kuku."

"Ndiyo."

"Nilisahihisha insha kwa miaka thelathini na nne," Mwalimu alisema, akilifunga daftari kwa adabu. "Mtoto akiandika vizuri namna hii, huwa kanakili mahali."

Mwezi ulipokwisha alilipeleka zahanati likiwa limefungwa kwenye kitambaa. Binti wa lishe alilipapasa jalada, akalisoma kurasa zote, akachukua majibu ya damu, akayatazama, akalirudia daftari. Maumivu yalikuwa yameandikwa mara tisa, na hayo hayakupambwa. Asidi haikushuka hata kidogo.

"Vidonge unameza, baba?"

"Kila siku." Na hilo lilikuwa kweli.

"Basi sielewi. Vyakula hivi kwa kawaida havimsumbui mwenye jongo. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kama unakula haya tu, adui yumo humu humu." Alichukua karatasi, akaandika. "Tuondoe mchicha. Tuondoe maharage, nyanya na uyoga. Uendelee kuandika wiki tatu, tuone."

Bwana Jalada alifungua mdomo. Mbele yake daftari lilikuwa wazi, bluu na dhahabu, na binti alikuwa ameweka kiganja juu yake kama mtu anayeapa. Akaufunga mdomo. Mchicha, ambao haukuwa umemkosea mtu yeyote, ukahukumiwa bila wakili.

Mwalimu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Kuanzia siku hiyo nyumbani kulipikwa boga la kuchemsha, wali mweupe na tango, jioni kwa jioni, na chumvi ilipita juu ya sufuria kwa mbali kama salamu. Bwana Jalada alianza kwenda kazini na njaa. Na njaa, ikifika saa nne, haikutosheka na sahani moja.

"Leo mbili tena, shemeji?" mpishi aliuliza, mkono kiunoni. "Dada yangu kagoma kupika?"

"Anapika sana."

"Anapika nini?"

"Boga."

Shemeji alimtazama kwa huruma iliyojaa ushindi. Tangu utotoni dada mtu alisifiwa kwa kusoma na yeye kwa kupika, na hapa ulikuwa umepatikana ushahidi. Alimwongezea vitunguu. Soda nazo zikawa mbili, kwa kuwa maini mengi huleta kiu.

Mtu mwenye akili timamu angeona mambo yanaelekea wapi. Bwana Jalada alikuwa na akili timamu, na aliona. Kila asubuhi aliamua, kila saa nne akaamua upya. Kuna mapenzi ambayo mtu hayaachi kwa kuwa ndiyo pekee yanayomngojea kwa saa maalumu.

Jumatano ya wiki ya tatu alikuwa akishona kamusi ya zamani, pana kama mto wa kulalia, kidole gumba kilipowaka. Hapakuwa na njia nyingine ya kusema: kiliwaka. Ndani ya saa moja kilikuwa chekundu na kinang'aa, na hata upepo wa ukurasa uliogeuka ulikiumiza. Sindano ilimponyoka. Aliisikia ikigusa saruji. Aliinama kuiokota, vidole vikaikwaruza sakafuni mara tatu, mara nne, bila kuishika. Alipoinua kichwa, Mkutubi Mkuu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho.

Aliinama yeye, akaiokota sindano, akaichomeka kwenye kitambaa chake mezani.

"Zimebaki wiki tano, mzee wangu," alisema.

Mchana huo Bwana Jalada alikaa na mkono juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine kilicholetwa kutengenezwa. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Yeye alikuwa ameumbuliwa na sindano. Ilibidi aseme ukweli. Tatizo lilikuwa namna.

Kurasa za uongo hazikuchanika. Nasema hivyo kwa maana ya ufundi. Katika kitabu kilichoshonwa kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa mkunjo: ukichana ukurasa wa tatu, siku chache baadaye ukurasa wa kumi na nne, usio na hatia, unadondoka wenyewe. Kukata maneno kwa kalamu kungeonekana kama uzio uliobomoka. Kulitupa daftari lote ndiyo kabisa hakukuwezekana. Mtu hatupi kazi ya siku tatu kwa sababu ya maini.

Ndipo akakumbuka kile wanachofanya wachapaji wakigundua makosa wakati kitabu kimekwisha kutoka mtamboni. Hawagusi kitabu. Wanachapa karatasi ndogo, wanaipachika mwishoni.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukushikika. Herufi zilitoka zimepinda na kusukumana kama watoto kwenye foleni. Juu aliandika *Masahihisho*, akaanza.

*Ukurasa wa 1, mstari wa 1: palipoandikwa "mchicha", pasomeke "maini, sahani moja". Mstari huo huo: palipoandikwa "maji, glasi mbili", pasomeke "soda nyekundu, chupa moja". Ukurasa wa 2, mstari wa 3: palipoandikwa "maharage", pasomeke kama ukurasa wa 1.*

Alitegemea nusu ukurasa. Jioni ya kwanza kurasa zilifika nne. Kumbukumbu ilimtii kuliko alivyotaka. Hata figo aliyoionja siku ya mahafali ilijitokeza, ikadai mstari wake. Jioni ya tatu masahihisho yalikuwa kurasa kumi na moja, hayakupachikika tena kwa gundi, ikabidi yashonwe. Uzi aliupitisha kwa kushoto pia, na akajichoma mara mbili.

Mwalimu aliyasoma akiwa amesimama jikoni. Mwanzoni mabega yalimtikisika kwa kicheko alichokibana. Akafika katikati.

"'Ukurasa wa 38. Palipoandikwa tango, pasomeke maini, sahani mbili, kwa huruma ya shemeji.' Kwa huruma ya shemeji." Alishusha karatasi. "Kwa hiyo mimi huku nachemsha boga."

"Boga nililila pia."

"Limo kwenye masahihisho?"

"Halimo. Boga lilikuwa kweli."

Alitarajia acheke. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi.

"Wiki tatu nimekula boga na wewe, Baba Watoto. Mimi siumwi."

Hilo halikuwa na mstari wa kulisahihisha. Bwana Jalada alisimama pale na mkono wake uliovimba, akatamani zile sahani mbili zingekuwa ngumu kidogo kuhesabika. Baadaye Mwalimu alimvutia kiti, akampa mchuzi wa mboga, na akaweka chumvi.

Zahanati, binti wa lishe alisoma masahihisho kwa sauti mpaka mstari wa sita, sauti ikamwisha. Alicheka mpaka akalala juu ya meza, na tufaa la plastiki likaviringika kutoka kwenye bakuli. Kisha akajikusanya, akachukua rula, akaiweka kati ya daftari na masahihisho. Siku za maumivu upande huu, maini na soda upande ule. Baada ya kila mfululizo wa sahani mbili, siku moja au mbili mbele, kiungo kilikuwa kimewaka.

"Unaona, baba?"

"Naona."

"Maini na figo, uache. Soda tamu, uache. Nyama nyekundu, kipande kidogo mara moja moja. Maji ya kutosha, na vidonge usiruke hata siku moja, maana chakula peke yake hakifanyi kazi yote." Akaandika tena. "Mchicha, maharage, nyanya, uyoga: narudisha. Viombe radhi."

"Wiki tano zinatosha?"

"Sijui. Si muujiza, baba. Damu inashuka polepole, na kiungo kinaweza kukusumbua hata ukifanya kila kitu sawa."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kantini. Shemeji alimngojea amekunja mikono; habari zilimtangulia, maana dada mtu alikuwa na simu.

"Nasikia nimeandikwa kitabuni."

"Hukuandikwa kwa jina, shemeji."

"Mara ngapi?"

"Thelathini na kitu."

"Na umesema ni matamu?"

"Masahihisho hayasemi ladha."

"Basi hayajakamilika," shemeji alisema, akageuka kwenye sufuria zake. Alimpa maharage siku hiyo, na siku iliyofuata, na kila siku, akiyaweka mezani kwa uso wa mtu anayetoa rambirambi. Wiki ya pili aliyatia tangawizi na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia. Alisema alikosea chupa. Bwana Jalada alikula, akaomba ya pili, na shemeji akageukia ukutani ili asionekane usoni.

Usidhani alikuwa ameshinda. Saa nne harufu ya maini ilishuka ngazi zote kumi na tisa na kukaa mbele yake kama mdai. Jumanne moja alipanda, akakaa, akala vipande vitatu kutoka sahani ya profesa wa hesabu, akarudi chini akaviandika. *Vipande vitatu. Vya wizi.* Keshokutwa yake goti lilimkumbusha. Lakini kidole gumba kilinywea, ngozi ikakunjamana, na asubuhi moja akajikuta amefunga vifungo vya shati kabla hajakumbuka kuogopa.

Siku ya mwisho ya ile miezi mitatu Mkutubi Mkuu alishuka saa tatu kamili. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Nioneshe, mzee wangu."

Bwana Jalada alivuta ile kamusi. Alipitisha uzi kwenye nta, akaupitisha kwenye tundu la sindano, jaribio la kwanza halikufaulu, la pili likafaulu. Akafungua fungu la karatasi katikati ya mkunjo na kusukuma. Kiungo kilimuuma, si moto ule, ni kama mlango mzee unaofunguka. Sindano ikatoka upande wa pili. Akaivuta, akairudisha, akavuta. Zamani kwa muda huo angemaliza mafungu matano. Alimaliza mawili. Hakuinua macho, na mshono wa mwisho aliukaza kama alivyoukaza wa kwanza.

Mkutubi aliichukua, akapitisha kidole kwenye mstari wa uzi kutoka juu hadi chini.

"Magazeti nitayapeleka kwenye mashine," alisema. "Ni mengi, na umekuwa wa polepole."

"Ndiyo."

"Kijana wa mapokezi ameomba abaki palepale. Anasema anaipenda mikoba." Akasimama, akaiweka kamusi mezani upande wa mkono wake wa kulia, mahali pa kazi inayoendelea. "Vitabu ni vyako."

Akapanda. Kabla ya adhuhuri mkokoteni wa maktaba uliteremshwa, ngazi kwa ngazi, ukipiga kelele kila hatua, vitabu ishirini na viwili vilivyovunjika mgongo vikiwa vimerundikana juu yake. Bwana Jalada aliupokea chini, akavishusha kimoja kimoja kwa mikono miwili, vizito kwanza, akipumzika kila baada ya vitatu.